Shajara ya mradi: riwaya ya Kalenga, kuanzia sura ya sita

Machi 2

Sura ya sita ni ya usiku mmoja tu, ule wa kuamkia Agosti 17, 1891. Vijana wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wamelala kifudifudi kwenye nyasi za Lugalo, wanaungoja msafara wa kijeshi wa Mjerumani Zelewski. Kwenye rasimu usiku huo una giza totoro, na giza linamfaa mwandishi: mtu hamwoni hata jirani yake, anabaki na pumzi zake na mkuki wake. Jana nikafungua programu ya kukokotoa mwandamo wa mwezi, nikairudisha hadi mwaka ule. Mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili hivi kuwa mpevu. Bonde lote lilikuwa jeupe mpaka karibu na alfajiri, mwezi ulipotua.

Nani atakagua? Hakuna. Ila mwanga umenipa usiku mzuri kuliko giza. Kwenye mbalamwezi huwezi kuwasogeza watu wanaokadiriwa elfu tatu kila unapojisikia. Ama wawe wamekwisha kujificha mapema, walale kwenye baridi ile bila moto na bila kukohoa, ama wangoje mwezi utue ndipo watambae, na hapo muda uliobaki kabla ya kupambazuka ni mfupi mno. Nimechagua yote mawili. Wazee wametangulia, vijana wanangoja. Kijana wangu anautazama mwezi unavyokawia kushuka, naye ana kikohozi. Sikuhitaji kubuni hofu nyingine yoyote.

Nikaona nipige na tarehe nyingine mbili. Oktoba 30, 1894, siku Wajerumani walipoivunja Kalenga, ngome ya Mkwawa: mwezi ndiyo kwanza umeandama. Julai 19, 1898, siku Mkwawa alipojipiga risasi Mlambalasi: mwandamo vilevile, mwezi hauonekani. Ushindi kwenye mbalamwezi, mapigo mawili gizani. Ningelitunga hilo mwenyewe, anayenihariria angeniambia nimetia chumvi nyingi. Sitalisema popote kwenye kitabu. Sura zitakuwa na giza pale palipokuwa na giza, basi.

Machi 9

Sita imekwisha. Saba iko nusu. Nimeongeza kipupwe kila mahali: Agosti huku kwetu nyasi ni njano, upepo unakata midomo, na askari wa Kisudani waliokodiwa Misri na wenzao wa kusini Msumbiji wanatetemeka kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Mwandishi wa Dar es Salaam angewatoa jasho.

Machi 15

Leo ndege.

Inaelezwa kwamba mashambulizi ya Lugalo yalianza kabla ya wakati wake kwa sababu ofisa mmoja wa Kijerumani alifyatua bunduki akimlenga ndege, na Wahehe waliojificha wakadhani ndiyo ishara waliyokubaliana. Wakachomoka. Ndani ya dakika chache msafara uliokuwa umejinyoosha kwa mstari mmoja, mizinga ikiwa bado imefungwa mgongoni mwa punda, ukakatwa vipandevipande. Wazungu kumi wakafa, Zelewski mwenyewe akiwemo, pamoja na askari na wapagazi karibu 300. Jeshi la dola kubwa ya Ulaya, na kilichowasha moto ni ndege.

Rafiki anayenihariria ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii umeitoa kwenye filamu. Ondoa." Nimempigia. Nikamwambia ipo kwenye kumbukumbu. Akanijibu, "Kaka, iwepo isiwepo, mimi msomaji nimekwama hapo." Ana hoja, na hoja yake inauma, maana anayefanya utafiti hushikwa na kiburi cha kudhani risiti ya ukweli inatosha. Msomaji wa riwaya haulizi risiti. Anauliza kama aliyemo mle ndani angeliona jambo hivyo.

Kwa hiyo ndege amebaki, lakini nimembadilishia macho. Awali nilisimulia toka juu, kama mtu anayeijua siku nzima itakavyokwenda. Sasa anayesimulia ni mpagazi wa katikati ya msafara, ana mzigo kichwani, anasikia mlio mmoja mbele, anafikiri bwana mkubwa amepata kitoweo. Anafurahi. Anawaza mchuzi. Ya ndege anakuja kuyasikia baadaye sana, kwa watu wasiokubaliana, na mmoja anamcheka kwamba hakuna ndege wala nini. Shaka ya mhariri wangu nimeikabidhi kwa mtu wa ndani ya kitabu. Hiyo naona ni haki, kwa sababu shaka yenyewe nayo ni sehemu ya historia ile: hakuna aliyesimama Lugalo na daftari.

Hesabu ya Wahehe waliokufa ndiyo mfano wake. Wengine wanasema sitini, wengine mamia. Riwaya haina sababu ya kuchagua. Binti, mhusika wangu mkuu (jina bado sijampa, kwenye faili anaitwa hivyo tu), anahesabu nyumba za mlimani kwao zilizolia jioni ile. Ndiyo hesabu pekee ambayo mtu kama yeye angeweza kuwa nayo.

Machi 28

Nimesafiri kwenda Mafinga na kurudi kwa shughuli nyingine, nikageuza safari kuwa kazi. Zoezi: kaa dirishani, futa kila kisichokuwepo mwaka 1891.

Misonobari ya Sao Hill, futa. Mashamba ya chai ya Mufindi, futa, hayo yanaanza miaka ya 1920. Mikaratusi yote ya kando ya barabara, futa. Viazi mviringo vya kwenye ndoo pale stendi, futa. Iringa mjini penyewe futa, kwa sababu mji huu uliota pembeni ya boma la Wajerumani baada ya Kalenga kuanguka. Misheni ya Tosamaganga nayo, kilimani karibu na Kalenga, ni ya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890. Nilipofika karibu na nyumbani nilikuwa nimebaki na mawe, miombo, mto Ruaha Mdogo na ng'ombe.

Na ng'ombe wenyewe, ngoja kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikafagia mifugo. Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta bila kujua. Kwenye muhtasari wangu Binti anaolewa mwaka 1892, mahari inalipwa, ngoma inalia. Kama zizi limekufa, mahari inalipwa kwa nini? Kwa ahadi? Kwa nguo za merikani zilizotoka kwenye misafara? Kwa bunduki iliyookotwa Lugalo? Hilo la mwisho limenisimamisha wima. Mamia ya bunduki yalichukuliwa siku ile. Bunduki haikuwa ya mtu kuikalia tu nyumbani, Mkwawa alizitaka zirudi kwake, angalau kwenye riwaya yangu anazitaka. Kijana anayeificha moja ili apate mke amejitafutia balaa. Sura ya nane imejiandika yenyewe.

Ndipo nimepata kipimo ninachokifuata sasa, na nakiandika hapa ili nisikisahau mwezi ujao nikianza kuhangaika na umbo la vyungu. Jambo linaloamua nini mhusika anaweza au hawezi kufanya, lazima liwe sahihi. Ng'ombe, njaa, umbali, mwanga, nani anaruhusiwa kupita wapi, bunduki inajazwa kwa muda gani. Jambo linalopamba tu, naangalia nikiwa na nafasi, nikikosa naliacha bila kulitaja. Chungu ni chungu. Anayetaka nieleze nakshi yake anataka kitabu kingine, nacho ni kizuri pengine, ila sikiandiki mimi.

Funza nao nimewaweka kwenye kundi la kwanza. Waliingia Afrika kwa meli iliyotia nanga Ambriz, Angola, mwaka 1872, wakatembea bara zima na miguu ya misafara hadi pwani ya mashariki miaka ya 1890. Mpagazi wangu anayechechemea mwaka 1891 ana sababu nyingine ya kuchechemea. Mwaka 1897 funza wanaruhusiwa.

Aprili 6

Lugha. Nitapita haraka, sipendi kubishana nayo sana.

Watu wa Kalenga mwaka 1891 walizungumza Kihehe. Kiswahili kilikuwa lugha ya msafara, ya wapagazi na askari na wafasiri. Nami naandika Kiswahili chote. Kwa hiyo Kihehe nakiandika kwa Kiswahili chepesi cha bara, sentensi fupi, bila "alhamdulillahi" wala "maadamu". Msafara unazungumza Kiswahili cha pwani ya zamani, chenye Kiarabu kingi na mikogo yake. Msomaji hataelezwa. Baada ya kurasa kumi sikio litajua nani kasimama upande gani. "Kamwene" imebaki kwenye salamu kwa kuwa hakuna namna ya kuingia nyumba ya Mhehe bila hiyo. Maneno mengine ya Kihehe nimeyatoa, yalikuwa yamekaa kama shanga za kuuzia watalii.

Na hakuna anayesema "saa tatu asubuhi" isipokuwa mwenye saa mfukoni, na huyo ni Mjerumani.

Aprili 19

Nimetoka Mbeya, kwa shemeji yangu aliyekulia Rujewa. Nilimpa sura tatu za mwanzo asome kabla sijafika. Tulipomaliza kula akazileta mezani zikiwa zimekunjwa kunjwa.

"Shem," akasema, "umeandika vizuri. Sasa niambie, sisi tulikuwa wapi?"

Nikamuuliza sisi nani.

"Wasangu. Kwenye kitabu chako kuna Wahehe na kuna Wajerumani. Huku kwetu huyo shujaa wako ndiye aliyetufukuza."

Ni kweli tupu. Kabla hata Mkwawa hajatawala, enzi ya baba yake Munyigumba, Wahehe na Wasangu walikuwa wanararuana kwa ajili ya nchi na mifugo. Merere, mtawala wa Wasangu, na watu wake wakaondoka Usangu wakaenda kujenga Utengule nyingine huku Usafwa, ile ambayo leo ukitoka Mbeya unapita Mbalizi kuifikia. Wajerumani walipokuja, kwa Wasangu hao hawakuwa tu wavamizi. Walikuwa pia njia ya kurudi nyumbani, na wakarudi Usangu miaka hiyohiyo ya 1890, chini ya kivuli cha bendera ya Kijerumani. Kutoka Rujewa, mwaka 1894 haukuwa msiba.

Tukakaa nalo hilo mpaka usiku. Dada yangu akaingia na chai akasema tunagombania watu waliokwisha kuoza. Shemeji akamjibu kwamba waliooza wana wajukuu, na mmoja wao amelipa mahari kwenu.

Sura ya tatu ina hotuba. Mkwawa amesimama mbele ya ukuta wa mawe wa Kalenga, anawaambia watu wake kwamba Waafrika wote ni ndugu, na mgeni atoke. Kila aliyesoma rasimu ameipenda. Mwalimu mmoja aliniomba aitumie siku ya mahafali. Nimeifuta nikiwa ndani ya basi, kabla hatujafika Igawa.

Nieleze kwa nini, maana naona huku ndiko usahihi unakobebwa kweli, kuliko kwenye misonobari na funza. Mtu wa Kalenga mwaka 1891 hakuijua Tanganyika, seuze Tanzania. Hakujua kuna miaka sitini na kitu ya kutawaliwa inakuja na kwamba siku moja itakwisha. Alijua Wasangu, Wabena, Wangoni ambao babaye aliwapiga na kupigwa nao, hadi leo tunataniana kwa sababu yake. Alijua misafara inapita na ushuru unalipwa au haulipwi. Mjerumani alikuwa jirani mpya mkorofi katika mtaa wenye majirani wengi wakorofi. Nikimpa mhusika maarifa ya mwisho wa hadithi, nimemnyang'anya ujasiri wake wote. Anayepigana akijua historia iko upande wake anapigana kirahisi. Hawa walipigana wakiwa hawajui.

Na nikiiacha ile hotuba, shemeji yangu anatoweka kwenye nchi yake mwenyewe.

Badala yake nimeingiza mwanamke wa Kisangu, mateka, anayetwanga ulezi uani pamoja na Binti. Hana hotuba. Siku mizinga inasikika ng'ambo ya mto, wenzake wanakimbilia ukutani na yeye anaendelea kutwanga. Binti anamwangalia. Sijaamua bado kama anatabasamu. Nimemtumia shemeji ukurasa huo kwa simu. Amejibu: "Atabasamu kidogo." Mtani huyu.

Mei 4

Mpangile amenishinda kwa muda mrefu, leo nimepata pa kumshikia.

Ndugu yake Mkwawa, mmoja wa walioongoza vita vya Lugalo. Desemba 1896 ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince, akamfanya mtawala chini ya Wajerumani. Februari 1897 Prince huyohuyo akamnyonga kwa tuhuma kwamba alikuwa anamsaidia kaka yake kwa siri. Miezi miwili tu ya utawala. Je, alimsaliti Mkwawa, au aliwasaliti Wajerumani, au hakumsaliti yeyote akaponzwa na fitina za watu? Mwandishi wa riwaya anameza mate. Hii ni nafasi ya kumwingia mtu kichwani usiku wa mwisho na kumfanya aseme yote.

Sitamwingia. Nimejiwekea sheria na inashika kitabu kizima: mtu niliyemtunga naruhusiwa kumwingia moyoni, nimjue mpaka ndoto zake. Mtu aliyeishi, mwenye jina na kaburi na ukoo unaokutana kila mwaka kwenye misiba, namtazama kutoka nje tu. Naonyesha alipokwenda, alichovaa, nani alimwona, watu walisema nini. Anachowaza ni chake.

Naijua kasoro ya sheria hii. Inawafanya wakubwa wawe kama vivuli ukutani, na kuna waandishi wazuri wanaofanya kinyume chake kabisa na kazi zao zinasimama. Kwa mfalme wa Uingereza wa karne ya kumi na sita, aliyeandikiwa vitabu kabati zima, mwandishi mmoja akimbunia usiku wa mawazo hajamdhuru mtu. Msomaji ana vitabu vingine mia vya kumrekebisha. Mpangile ana kurasa chache, na nyingi zimeandikwa na waliomnyonga. Riwaya yangu ikimwita msaliti, kuna mtoto wa kidato cha tatu ataandika hivyo kwenye mtihani, na mwalimu atampa vema.

Kwa hiyo kunyongwa kwake kunasimuliwa na wanawake mtoni. Wako wanne na wana maelezo manne. Nimefurahia kuandika ukurasa huu kuliko wowote tangu mwaka uanze.

Mei 17

Kalenga, makumbusho. Nilikwenda na shangazi, ambaye hajawahi kufika ingawa amezeeka kilomita chache kutoka pale. Akasimama mbele ya fuvu kimya, kisha akaniuliza bila kugeuka: "Mwanangu, ndilo lenyewe?"

Swali hilo ni refu kuliko shangazi anavyofikiri. Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Sajini Merkl alipofika Mlambalasi akamkuta amekwisha kujiua, kikakatwa. Mwaka 1919 kikaingia kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, katikati ya fidia na mipaka ya mataifa: Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Haikurudisha. Miaka ya 1950 gavana Edward Twining akalifuata Bremen, kwenye makumbusho yenye shehena ya mafuvu, wakachuja kwa vipimo vya vichwa vya jamaa wa ukoo, wakapata moja lenye tundu la risasi. Juni 19, 1954 likakabidhiwa hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Wapo wanaotilia shaka utambuzi ule hadi leo, na ukiutazama ulivyofanyika utaona shaka haikosi pa kukaa.

Nilimwambia shangazi, "Ndilo walilolirudisha." Akatikisa kichwa, akasema basi linatosha, akaomba maji.

Riwaya inaishia 1898, kwa hiyo fuvu halimo. Nilikuwa na sura ya nyongeza ya 1954, Binti akiwa bibi kizee kwenye umati ule, akilitazama na kujua. Nimekaa nayo nyumbani jioni nzima. Kujua nini? Nikimfanya alitambue, nimeamua kesi ambayo si yangu. Nikimfanya alikatae, vilevile, na nimemtia mwiba shangazi yangu bila sababu. Ningeweza kumwacha asijue, lakini hiyo tayari ni sura ya wanawake mtoni kwa mara ya pili. Nimeitoa.

Mei 30

Hali ilivyo. Sura kumi na nne zimesimama, mbili za mwisho ni mifupa mitupu. Mlambalasi bado haijaandikwa. Naisubiri Julai niende kulala jirani na pale siku za mwandamo, nione mtu anaona umbali gani bila mwezi na bila taa ya simu.

Maelezo ya mwandishi yatakuwa mwisho wa kitabu, ukurasa mmoja. Mchapishaji anayataka mwanzoni, eti shule zinapenda. Nimekataa, ila tumekubaliana yaandikwe kwa majina: hawa waliishi, hawa nimewatunga, haya yana ubishi, na ndege yumo kwenye orodha ya ubishi. Mhariri ameridhika na ndege. Sasa anagombana na kikohozi cha yule kijana wa sura ya sita, anadai watu elfu tatu hawawezi kunyamaza usiku kucha na mgonjwa mmoja katikati yao. Namjibu kesho.